Mama Mkwe na Chombo Kinachoelea

Juzi nilikwenda gatini Kilindoni kumpokea mwalimu mwenzangu aliyekuwa anarudi kutoka likizo bara. Kivuko kikashusha mlango wake, na kabla abiria hawajamaliza kushuka likatoka gari moja dogo, jipya, la kijani, la pembe nne kama debe la biskuti, na taa mbili za duara usoni. Nikaanza kucheka. Nilicheka hadi nikashika nguzo. Mpagazi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kulikoni?" Nikamwambia nimemwona mjukuu aliyefanana na babu yake, naye akageuka huku na huku kumtafuta huyo babu.

Babu nilimjua mimi. Kile kigari kinachovuta kwa magurudumu yote manne kimezaliwa na kuzaliwa tena, na vizazi vyake vitatu nimeviendesha mwenyewe katika kisiwa hiki. Cha kwanza kilikuwa cha pembe, kimekonda, paa lake turubai. Cha pili kikapata nyama kidogo na bati juu. Cha tatu kikaumuka, kikawa cha mviringo, ungedhani andazi. Na hiki cha nne sasa, baada ya wahandisi kuhangaika miaka yote hiyo, kimerudi na uso uleule wa babu. Jina la kampuni silitaji, hawajanituma. Lakini kama kuna mtu kisiwani anayestahili kusimulia ukoo wa kigari hiki, basi ni mimi, na simwachii mtu.

Mimi ni mtu wa bara, wa milimani kwenye baridi. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mbao, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume alinikalisha mimi kwenye usukani kabla sijajua kusonga ugali ukaeleweka. Nilipopangiwa kufundisha Mafia, hifadhi ya bahari ilikuwa bado changa. Utende ilijaa watu wa ofisi, wapiga mbizi, na wazungu wa kupima matumbawe. Nikasema nitakaa mwaka mmoja, niombe uhamisho. Nikaolewa badala yake. Mume wangu alikuwa nahodha wa boti ya kupeleka wageni kupiga mbizi, mtu mpole, mcheshi, ambaye baharini huwezi kumtisha kwa lolote. Lakini mtie ndani ya gari uone. Hushika dashibodi kwa mikono miwili na kukanyaga breki ambayo upande wake haipo. Nadhani nilimpenda kwa hilo hasa. Nikasilimu, nikapata jina jipya, na nikapata mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mzaliwa wa Bweni, kaskazini kabisa, kisiwa kinakoishia. Aliolewa Bwejuu, kisiwa kidogo cha jirani, akiwa mwari, akapelekwa kwa chombo, na huko Bwejuu akakaa, akazaa, akazeeka nusu. Kisha bahari ikamchukua mumewe. Maiti haikupatikana. Mwanawe akaenda kumchukua aje kuishi naye Utende, na siku hiyo mama aliposhuka, maji yakiwa bado magotini, aligeuka akaitazama ile mashua iliyomleta akasema mbele ya watu, "Wallahi, chombo kinachoelea sipandi tena mpaka nazikwa." Kiapo kile kilisikika pwani nzima. Tangu hapo hata Chole, kisiwa unachokiona kwa macho ukiwa unapepeta mchele, hakwenda.

Tatizo likawa dada yake. Kati ya watoto wa mama yao walibaki wawili tu, yeye na dada yake mkubwa, na huyo mkubwa yuko Bweni. Walikuwa hawajaonana tangu mama mkwe ana meno yote. Kwa bahari ni safari ya siku moja ukipata upepo, lakini bahari ilikuwa imeshaapiwa. Na yule dada kuja Utende, haiwezekani, si kwa ugonjwa, kwa adabu: mdogo ndiye anayemwendea mkubwa kumwamkia, si mkubwa kumfuata mdogo. Dada alituma salamu kwa wauza mikeka, "Mwambieni mdogo wangu nangojea shikamoo yangu." Mama mkwe akiipata salamu hiyo hunigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyekiweka kisiwa kirefu hivi. "Mie nataka jambo moja tu," alikuwa akisema. "Nimwamkie dada yangu uso kwa uso kabla mmoja wetu hajatangulia."

Ndipo Mungu akatuletea kigari. Mzungu mmoja wa matumbawe alimaliza kazi yake, na kuliko kuhangaika kukirudisha Dar juu ya jahazi, akamwachia mume wangu kama ahsante. Mume wangu alikipokea kama mtu aliyepewa mamba. Mimi niliruka! Niliruka kweli, uwanjani kwetu, mwalimu mzima na kitenge changu. Nilikizunguka, nikakipiga mateke ya mapenzi kwenye tairi, nikafungua boneti, nikalia kidogo kwa sababu ya baba.

Tusidanganyane, kilikuwa kigari cha mateso. Springi zake zilikuwa vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila shimo la barabara lilikuja moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba. Na ukitaka magurudumu ya mbele yavute, haitoshi kuvuta kile kigingi cha gia ndogo kilicho kando ya gia kubwa. Sharti ushuke, uiname kwenye tope, uzungushe vifuniko vya katikati ya magurudumu ya mbele kwa mkono, kimoja kimoja, kisha upande tena. Wanaume wa Utende walikuwa wakikusanyika kunitazama nikifanya hivyo. Mmoja akasema mwanamke anayeinamia gurudumu hatopata mtoto wa pili. Nimezaa wanne.

Mama mkwe alikitazama kigari kwa juma zima. Akakizunguka, akakigonga, akauliza kama kinakwenda mchangani. Nikasema ndiyo. Kinapanda vilima? Nikasema huku Mafia kilima kiko wapi, lakini ndiyo. Akaniambia, "Basi niandalie safari. Nipeleke kwa dada yangu." Nilifurahi hadi usingizi ukanikimbia. Mkwe wa kutoka bara, ambaye pweza alikuwa akinishinda kupika, mimi ndiye niliyekuwa nimpeleke!

Siku moja kabla ya kuondoka nilirudi kutoka shule nikamkuta mume wangu amelala chali chini ya gari. Nikashangaa, maana hakuwa na mazoea nalo hata ya kuliosha. Nikamuuliza anafanya nini, akajibu, "Mambo ya wanaume." Akatoka huko ananuka mafuta ya papa, anatabasamu peke yake. Sikuuliza zaidi. Nilidhani hatimaye wameelewana, yeye na kigari.

Tuliondoka asubuhi. Mama mkwe alikaa nyuma kwenye benchi, kanga mpya zinanukia udi, na kapu la mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga kapakata. Turubai tulilikunja ili apate hewa. Watoto walitukimbilia hadi kwenye geti la hifadhi, nami nikapiga honi ambayo ilikuwa na sauti ya mbuzi. Tulipopita Kilindoni tukaingia njia ya kaskazini, na hapo ndipo mume wangu alipoanza kutoa ushauri. Alisema barabara ya katikati haijui, tushike njia ya pwani, kwa kuwa pwani anaijua yote kutokea baharini. Nikamsikiliza. Siku nzuri humfanya mtu akubali mambo.

Njia ya pwani ikatufikisha kwenye mkono wa maji unaoingia kati ya mikoko. Maji yalikuwa yanajaa. Wanawake wawili waliokuwa wakiokota chaza walituambia wenyeji huvuka hapo, hayafiki kiunoni. Nikashuka, nikafunga vile vifuniko vya magurudumu, nikapanda, nikatia gia ndogo, nikasema bismillahi. Tukaingia. Kigari kikanguruma vizuri, maji yakapanda hadi kwenye taa, nikajisikia mimi ndimi malkia wa Mafia.

Katikati, usukani ukawa mwepesi. Nikaukata kulia, hakuna kilichotokea. Nikaukata kushoto, hakuna. Magurudumu yote manne yalikuwa yanazunguka kwa bidii na hayagusi kitu. Kisha nyuma ikanyanyuka polepole, mkondo ukatushika, na kigari kikaanza kugeuka, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetafuta kibla.

"Inaelea!" mume wangu akapiga ukelele. "Mama, inaelea! Nimeikalafati mwenyewe!"

Hapo ndipo nilipojua. Sakafu ya kigari ilitoka kiwandani na matundu ya kutolea maji, na vizibo vyake vya mpira vilishapotea zamani. Mume wangu, mtoto wa chombo, alikuwa amechungulia chini akaona matundu, tena yamepangwa mstari, akahuzunika. Akayaziba yote kwa pamba na mafuta ya papa, kwa chuma cha kukalafatia, kama anavyoziba mashua. Akazunguka na milango. Hakuacha pa kupitia hata sisimizi.

Na sasa alikuwa amesimama! Yule yule asiyeachia dashibodi alikuwa amesimama wima ndani ya gari lisilo na paa, amenyoosha mkono, anatoa amri. "Wahi omo, mbele hapo! Usiikabe! Iache ishuke na mkondo!" Kwa mara ya kwanza tangu tuoane alikuwa na raha ndani ya gari. Mimi nilijaribu kukasirika, nikashindwa; kicheko kilinishika tumbo hadi nikauachia usukani, ambao hata hivyo haukuwa na kazi. Wale wanawake wa chaza walikuwa wamekaa majini kwa kucheka.

Kisha nikakumbuka abiria wetu wa nyuma. Nikageuka. Mama mkwe amekumbatia kapu, macho makavu, anamtazama mwanawe.

"Umesema inafanya nini?" aliuliza.

Mume wangu akakaa.

Mkondo ulitupeleka hadi fungu la mchanga lililo karibu, magurudumu yakagusa, injini ikazima. Wale wanawake wakaja kutusukuma. Tulipotoka majini, kigari kilikuwa kimeelekea tulikotoka, na mama mkwe akasema, "Turudini." Nikamgeukia mume wangu nikamfokea mbele ya mama yake, Mungu anisamehe: yale matundu ni ya kutolea maji! Akanijibu kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa, "Ya kutolea? Maji ya chombo huchotwa kwa upo, yakamwagwa kwa juu. Nani kasikia chombo kinachotolewa maji kwa chini?" Nikacheka tena. Sikutaka, lakini nilicheka njia nzima, na mume wangu akacheka, na nyuma yetu alikuwapo mtu mmoja asiyecheka.

Mama mkwe alifunga siku tatu, kafara ya kiapo kilichovunjika. Mwalimu wa madrasa alikuja kumwambia hakukusudia, kwa hiyo hadaiwi chochote. Akamjibu kwamba asiyekusudia ni yeye, lakini chombo kilikusudia. Utende nzima ikajadili. Wapo waliosema gari ni gari hata likielea, na wapo waliosema jina la kitu ni kazi yake, na ile kazi watu waliiona. Kigari changu kikaitwa mashua ya mwalimu. Vijana wakipita nyumbani huniuliza kama leo natweka tanga. Mimi nilikuwa najibu mapigo, nawaambia tangulieni mkapige makasia. Lakini nikiingia ndani na kumkuta mama mkwe anatwanga, kanipa mgongo, raha yangu yote ilikuwa inakatika. Nilimwambia tupande gari lingine, tukodi pikapu ya Kilindoni. Akasema, "Kama dogo lile limeelea, hayo makubwa je?"

Sasa, mtu asiyejua magari atasema magari yote ni mamoja. Si kweli. Kigari kile kilipochoka, ndugu yangu wa Dar alinitafutia kizazi cha pili, na nilipokiona kinashushwa pwani juu ya mbao mbili, na watu arobaini wanapiga kelele kila mmoja na amri yake, nilijua dunia inasonga mbele. Bati juu. Milango yenye vitasa! Springi zilikuwa zile za kujisokota, na shimo ambalo zamani lilikuja hadi kwenye ubongo sasa liliishia kiunoni. Vile vifuniko vya mbele havikuhitaji tena mtu ainame kwenye tope. Ukivuta kigingi, vinajifunga vyenyewe. Wanaume wa Utende walisikitika kidogo kwa kukosa tamasha. Mimi niliendesha kwenda na kurudi Kilindoni bila shughuli yoyote, nikiimba.

Mume wangu akaamua kumthibitishia mama yake. Alifanya jambo kubwa, kama harusi. Aliita majirani, akamleta mwalimu wa madrasa awe shahidi, akamwekea mama kiti. Akafungua milango, akang'oa zulia, akaonyesha matundu moja moja kwa kidole. Kisha akachukua ndoo ya maji akaimwaga sakafuni. Maji yote yakatoka chini, shwaa, yakanyesha mchangani. Watu wakapiga makofi. Akamwaga ndoo ya pili. Watoto wakaingia chini ya gari kuoga. Mimi nilikuwa nacheka na kushangilia kuliko wote, nikageuka kumtazama mama mkwe nikidhani tumeshinda.

"Nimeona," alisema. "Kinavuja. Chombo kinachovuja si kwamba hakielei, mwanangu. Ni kwamba kinazama."

Makofi yakaisha. Mume wangu alibaki na ndoo mkononi. Miaka yote hiyo tulikuwa tumehesabu kiapo, tukabishana juu ya maneno yake kama mawakili, na hatukuwahi kufikiri kwamba yule mama anaogopa tu. Alikuwa anaogopa kilichompata mumewe. Nilikaa chini mchangani kando ya kiti chake, nikamshika mguu, nikaona aibu ya kucheka kwangu. Yeye ndiye aliyenipoza. Akanipiga kichwani kidogo na kusema, "Inuka, mke wa mwanangu, utalowa. Kigari chako kizuri. Lakini mie hapana."

Ikawa hivyo miaka mingi. Bweni zilikwenda salamu, nazi, kanga, na ubani. Kutoka Bweni zikaja salamu, mikeka, na lawama. Simu za mkononi zilipofika tukadhani shida imekwisha. Tuliwapigia, na kila mmoja akawa anapiga kelele kwa wakati wake na wa mwenzake, na baada ya hapo mama mkwe alirudisha simu akasema simu haina uso. Kumwamkia dada kwa simu alikataa. Aliona ni kumtania.

Kizazi cha tatu kilipokuja nilikuwa mwalimu mkuu, na mvi zangu. Ah, kigari kile! Cha mviringo, cheupe, kinapuliza baridi hadi nikakumbuka kwetu milimani. Vioo vinashuka vyenyewe. Tairi la akiba limebebwa mgongoni, juu ya mlango wa nyuma. Na kile kigingi nilichokuwa nakivuta kwa mikono miwili kilikuwa kimetoweka. Mahali pake pana kitufe. Unabonyeza kwa kidole kimoja, na mbele yako inawaka picha ndogo ya gari lenyewe, magurudumu yote manne yanang'aa. Siku ya kwanza nilibonyeza, nikazima, nikabonyeza, nikazima, mpaka mume wangu akaniambia nitakichosha. Mama mkwe alikuja kuchungulia dirishani. Nikamwonyesha. Akasema, "Sasa kinaendeshwa kwa kubonyezwa kitovu," akaondoka anatikisa kichwa, lakini nilimwona amecheka.

Halafu masika hiyo dada yake akapiga simu. Mara hii hakupiga kelele. Nilikuwa nimeishika simu mimi, kwa hiyo nilisikia. Alisema, "Mdogo wangu, macho yananiacha. Ukija sasa nitakuona. Ukija mwakani nitakusikia tu."

Mama mkwe alinirudishia simu, akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo limefungwa kwa kanga. Lilikuwa kubwa, nikadhani ni zawadi. "Twende," alisema. Nikamwambia ni masika, mama, mabonde yamejaa, tungojee wiki mbili. Akasema macho hayangojei. Nikataka kumuuliza kuhusu kiapo, akanitangulia: "Pakiwa pakavu nitakaa. Pakiwa na maji nitashuka. Maji nitayapita kwa miguu yangu, na hicho chenu kielee peke yake kikitaka."

Barabara ya katikati ilikuwa nyekundu na laini kama tope la mfinyanzi, na kigari kikapita. Nilibonyeza kile kitufe nikaona picha inawaka. Mama mkwe, nyuma, alishika kiti kwa mikono miwili na kukanyaga breki ambayo haipo. Nikajua mwanawe alikoirithi. Baada ya Kirongwe tukafika kwenye bonde. Maji ya mvua yalikuwa yamelala juu ya barabara, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, hadi magotini. Ng'ambo walisimama watu wa kijiji wakitazama nani atathubutu.

"Nishusheni," alisema.

Magoti yake yalikuwa mabovu, na nilipomwona anaingiza mguu kwenye yale maji nilitaka kulia. Akasimama. Akatetemeka, tena si kwa baridi. Mume wangu akamshika mkono mmoja, na ule mwingine yeye mwenyewe akauweka juu ya lile tairi la akiba mgongoni mwa gari. "Endesha," alinipigia ukelele. "Pole pole, usinikimbie!" Nikaendesha. Sijawahi kuendesha vile maishani. Nilikuwa namtazama kwenye kioo zaidi ya njia, uso wake umekunjamana, midomo inasoma dua, anakuja, anakuja, amelishika lile tairi kama mwenye ng'ombe anayempeleka sokoni.

Ng'ambo kukazuka kelele. "Mwalimu! Huna haya? Unamsukumisha bibi kizee gari!" Vijana watatu wakaruka majini wakaja mbio kumwokoa, wakaanza kusukuma gari ambalo lilikuwa linakwenda lenyewe, huku wanamtukana mume wangu. Mimi kicheko kikanipasuka. Nikajaribu kueleza kupitia dirishani, nani ananisikiliza? Na mama mkwe, yule aliyekuwa anatetemeka sasa hivi, akaona nafasi yake. "Afadhali mmekuja, wanangu," alisema kwa sauti ya kufa. "Hivi ndivyo wanavyonitesa." Alitoka majini anacheka. Alicheka akakaa kwenye majani mabichi, kanga zinachuruzika, akacheka hadi akapaliwa, na wale vijana wakabaki wanatutazama mmoja mmoja hawajui wampige nani. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilidhani siku hiyo haiwezi kuwa nzuri zaidi.

Bweni tulifika alasiri. Dada alikuwa kwenye baraza la nyumba yake, umbo dogo kuliko nilivyomfikiria, kichwa amekiinamisha upande kusikiliza injini. Mama mkwe alishuka, akaenda peke yake, akasimama mbele yake.

"Shikamoo dada."

Yule dada aliinua kichwa. Akanyoosha mikono, akaushika ule uso, akausogeza karibu kabisa, akaugeuza kwenye mwanga, kushoto, kulia, kwa muda mrefu. "Marahaba," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe ulizaliwa umezeeka," mama mkwe akamjibu, na hapo wakaangukiana begani wote wawili, wanacheka na kulia na kugombana juu ya nani alivunja chungu fulani cha mama yao. Mume wangu alikwenda kusimama nyuma ya nyumba. Nilimwacha.

Tulikula, tukapewa madafu. Jua lilipoanza kushuka nikasema tuondoke, tulivuke lile bonde kungali na mwanga. Mama mkwe hakuinuka. Nikaliona lile furushi la nguo liko ndani tayari, limefunguliwa, kanga zake zimetundikwa kwenye kamba ya dada yake.

"Nendeni," alisema.

Mume wangu akamuuliza atarudi lini. Akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto.

"Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa, nimekulelea wanao. Sasa nataka nigombane na dada yangu. Yeye haoni, mie magoti hayanipeleki. Tukikaa pamoja tunatosha mtu mmoja." Kisha akanigeukia mimi, akanivuta, akaninong'oneza, "Hukunikimbia majini, mwanangu." Hakuwahi kuniita mwanangu kabla. Siku zote nilikuwa mke wa mwanawe.

Tuliondoka. Mume wangu aliomba akae nyuma, kwenye kiti alichokaa mama yake, na sikumtania. Tulipofika bondeni akaniambia nisimame. Akashuka, nahodha wangu, akakunja suruali, akaenda mgongoni mwa gari, akaweka mkono juu ya lile tairi. Nikaingia majini pole pole, namtazama kwenye kioo, machozi yananitiririka na kicheko kinanitoka, vyote pamoja, siwezi kuvitenganisha hata leo. Ukingoni wale vijana walikuwa bado wapo. Wakaniuliza kama gari limekwama tena. Nikawaambia ndiyo.